Kinu cha Chania, Tanuri la Mwihoko

Thika, 14 Mei 2023

Kwako Senge Wilkister,

Kabla hujaenda mstari wa pili, funga mlango na umtume Maxine dukani. Haya ninayokuandikia yasimfikie mtu yeyote: si mchungaji, si kina mama wa chama, wala baba yangu kule Kimilili, ingawa wewe ndiye dada yake wa pekee na najua hamfichani. Zaidi ya wote, yasifike kwenye lile kundi la familia la simu, ambako Maxine akipiga chafya watu hamsini wanamwambia pole. Ndiyo maana nimeshika kalamu kama mtu wa zamani. Simu yangu inalipiwa na kampuni, na yako inasomwa na binti yako kwa sauti.

Anayekuletea bahasha hii ni Githae. Huendesha gari la pumba kutoka kwetu hadi kwa wauza chakula cha mifugo hapo Ruiru. Ni mtu salama. Kitu pekee anachosoma ni habari za mpira.

Habari za hapo Mwihoko? Hujambo na magoti? Mimi ni mzima. Chumba changu cha Makongeni kimepata maji tena, na kazi ya ukarani naiweza, isipokuwa Bi. Wangechi, meneja wetu mpya, akisimama nyuma yangu vidole husahau herufi zilipo. Baba anasema mahindi yamemea vizuri na ng'ombe mwekundu amezaa.

Sasa nisikilize. Nyuma ya kiwanda chetu, kule chini mto Chania unakopita, kuna jengo la mawe ambalo nilidhani ni stoo ya magunia mabovu. Si stoo, Senge. Ni kinu. Ndani yake kuna mawe mawili mapana kama meza ya harusi, moja juu ya jingine, yaliyosaga unga kabla kampuni haijaleta mashine za rola za chuma. Zamani yalizungushwa na maji ya mto, kisha na injini ya dizeli, na mwishowe na mota ya stima. Hayajazunguka tangu mimi sijazaliwa. Wakubwa wa bodi wanataka jengo livunjwe mwanzoni mwa Septemba, malori yapate pa kugeukia.

Lakini Bi. Wangechi hataki. Katika mkutano wa Jumatatu, mimi nikiandika kumbukumbu, aliwaambia hivi: nikimpata mwokaji mmoja tu, aje hapa kwa miguu yake, aseme anautaka unga wa mawe yale kila wiki, mtaniachia kinu hadi mwisho wa mwaka? Wakacheka, wakasema sawa. Walicheka kwa sababu walijua hatapatikana.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakufikiria wewe na tanuri lako.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Karani haruhusiwi kuingiza jamaa yake katika biashara ya kampuni. Nilitia sahihi siku ya kwanza. Kabla yangu alikuwepo karani anaitwa Waweru, na kila mtu hapa atakwambia alifukuzwa kwa ajili ya shemeji. Kwa hiyo ukikubali, mimi sikujui na wewe hunijui.

Nijibu haraka. Na jambo jingine dogo: Kuka Boaz, babu yangu, alioka mikate wapi hapa Thika? Baba anasema yeye alikuwa mdogo, nikuulize wewe.

Mwanao,
Khisa

*

Mwihoko, 27 Mei 2023

Khisa mwanangu,

Barua yako imefika ikinuka pumba, na Githae amekunywa chai vikombe vitatu akila skonzi zangu kama aliyetumwa kuzikagua. Nimemtuma Maxine dukani kama ulivyoagiza. Amerudi na kuniuliza, "Mum, hiyo ni love letter?" Nikamwambia ndiyo. Sasa kundi lote la familia linajua nina mchumba Thika. Siri yako imefichwa vizuri kuliko ulivyotarajia.

Tuko wazima. Magoti ni yale yale. Maxine amemaliza kozi ya kompyuta na sasa kazi yake ni kunipiga picha nikikanda unga. Kwaya imepata mwalimu mpya, kijana wa Mugutha, na wasichana wa sauti ya kwanza wote wamenunua viatu vipya. Jirani yangu Wavinya amefungua kibanda cha chai mbele ya plot, anauza mkate wa magari makubwa, ule wa plastiki ukibonyezwa unarudi kama godoro. Nikimuuliza mbona hauzi wangu, ananiambia wateja wanapenda mweupe. Sina ugomvi naye.

Kuhusu tanuri usiwe na wasiwasi. Linafanya kazi.

Unga huo wa mawe nauelewa kuliko unavyodhani. Sitaki maneno mengi. Nitumie kiasi, nione kama mikono yangu bado inaukumbuka. Mambo ya kuja huko kwa miguu yangu tutayaongea baadaye, au tusiyaongee.

Na uache kuogopa sana. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unamwamkia jogoo wa Kukhu, bibi yako, kwanza ndipo upite uani. Mtu mwenye diploma hapaswi kuishi hivyo.

Senge yako,
Wilkister

*

Thika, 11 Juni 2023

Senge wangu mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa mwandiko. Naandika mbio, na safari hii si kwa woga.

Nyumbani wote wazima. Baba anasema ndama ni dume. Hayo yametosha.

Senge, kinu kimezunguka!

Bi. Wangechi alimwita mzee Muigai, msagaji wa zamani ambaye siku hizi anafuga kuku huko Gatuanyaga. Amekaa ndani ya lile jengo na nyundo yake yenye ncha, akichonga upya mifereji ya mawe, maana mawe ya kusagia huisha makali kama panga. Nilikuwa nampelekea chai kila saa kumi nikisingizia kwenda kuhesabu magunia. Ananiita "karani wa chai". Nikimuuliza swali moja ananijibu kumi, na mimi nimekuwa kama mtoto aliyeonyeshwa injini ya treni.

Je, ulijua kwa nini vinu vya zamani vilikuwa vimeshikana na nyumba za mikate? Mimi nilidhani ni kwa kuokoa nauli. Sivyo. Jiwe husaga ngano yote, pamoja na kile kiini chenye mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoleta harufu na utamu. Lakini mafuta hayangoji. Unga wa jiwe ukikaa muda unachacha. Kwa hiyo mwokaji alilazimika kukaa ubavuni mwa msagaji, amsikie, amchungulie, wagombane asubuhi na wapatane mchana. Zilipokuja rola zikatoa kile kiini na kukitupa kwa mifugo, unga ukawa mweupe, ukawa unaweza kulala guniani miezi na kusafiri hadi Mombasa na kurudi. Basi mwokaji akawa hana haja tena ya kumjua msagaji. Muigai anasema ilikuwa ndoa, na aliyeivunja ni unga usiooza.

Na ushahidi upo ukutani. Upande wa kulia wa kinu kuna mlango uliozibwa kwa matofali, na ng'ambo yake, mahali tunapoegesha forklifti, sakafu ni nyeusi kwa moto wa zamani. Palikuwa na tanuri pale. Nilisimama juu ya ule weusi nikasikia mwili unasisimka. Muigai anasema gunia lilipita kwenye mlango ule likiwa bado na joto.

Alhamisi alfajiri stima ikawashwa. Jiwe lilinguruma, likakohoa, likashika mwendo. Jengo zima lilitetemeka, na harufu ikatoka, Senge, harufu ya shamba baada ya mvua, mpaka watu wa rola wakaja kuchungulia mlangoni na barakoa zao shingoni. Bi. Wangechi alisimama pale na viatu vyake vya ofisi akipaka unga kwenye kiganja, akisahau kutukemea.

Githae anakuletea gunia dogo. Nililinunua kama mfanyakazi yeyote. Si la pili wala la tatu, ni lile la kwanza kabisa lililotoka chini ya jiwe. Nyumbani kwetu wimbi jipya likisagwa, unga wa kwanza hauliwi na mtu kabla senge hajaonja. Nimekuwa mbali na nyumbani, lakini sijasahau hilo. Muigai alipoona nimelishika gunia lile alicheka, akanipa kwa mikono miwili bila kuniuliza, na mimi sikumwambia linakokwenda.

Oka nalo kitu kikubwa. Hukuniambia Kuka alioka wapi.

Mwanao,
Khisa

*

Mwihoko, 2 Julai 2023

Khisa,

Nimechelewa kukujibu. Gari la Githae lilikufa gia hapo Kihunguro, na mimi pia nilikuwa na mambo.

Tuko salama. Maxine ana mafua. Mvua imeharibu barabara ya kwenda Kiuu, watu wanavuka wakiwa wamebeba viatu. Mwalimu wa kwaya amechumbia, na si mmoja wa walionunua viatu, kwa hiyo sauti za kwanza wanaimba kama wanaomboleza. Paka wa Wavinya amezaa kwenye ndoo yangu ya kukandia. Nimenunua nyingine.

Unga ulifika. Ulikuwa na harufu nzuri mno. Nilipofungua gunia nilikaa chini kwanza.

Swali moja: yule mzee aliyekupa gunia, ulimwambia ni la nini?

Senge yako

*

Thika, 9 Julai 2023

Senge,

Barua yako ilikuwa na paka, kwaya na mafua, lakini haikuwa na mkate hata mmoja. Niliisoma mara nyingi nikiutafuta. Kisha nikashuka kwa Muigai, na nikamuuliza kwa njia ya kuzungukazunguka, kama karani anavyouliza, gunia la kwanza baada ya kuchonga mawe huwa linafanywa nini.

Akaniuliza, "Kwani kuku wako hawakulipenda?"

Senge, nilitamani mto unibebe. Kumbe jiwe likichongwa hubaki na vumbi lake na chembe zilizolegea, na unga wa kwanza ndio unaolisafisha. Hauendi kwa mwokaji kamwe. Wasagaji wote hulijua hilo, na makarani wote waliopita hapa walikuwa wakiliomba gunia lile kwa ajili ya kuku wao, kwa kuwa kuku hupenda mchanga. Ndiyo sababu alicheka. Aliniona nimelikumbatia akafikiri, huyu naye amejiunga na wafugaji. Angeniuliza neno moja tu! Au mimi ningemwambia neno moja. Lakini nilikuwa nimeficha jina lako vizuri hadi likafichika hata kwa aliyeweza kutuokoa.

Nimekupa chakula cha kuku kama malimbuko.

Niambie ukweli. Nani aliula? Kuna mtu aliumia?

Leo nimetuma gunia jingine, lililosagwa juzi, na safari hii Muigai mwenyewe ameliangalia, ameutafuna unga mbele yangu na kuapa. Nimemwambia ni la shangazi yangu anayeoka. Ameahidi kunyamaza, kisha akanitukana kwa Kikuyu kwa muda mrefu, bila kukasirika.

Bi. Wangechi ametembelea waokaji wawili wa hapa mjini. Mmoja alisema unga unaochacha haraka ni maradhi. Mwingine hakumpa kiti. Mwisho wa Agosti unakuja, na hatujapata mtu. Kama mkate huu wa pili ukikubali, tafadhali njoo Thika. Uje kama mteja. Nitakuwa kwenye dawati la kwanza ukiingia. Nitakuuliza jina lako kana kwamba silijui, na wewe usinitambue. Ni dakika chache tu, halafu kinu kitapona na mimi nitabaki na kazi.

Ninaomba radhi kwa magoti yote mawili.

Khisa

*

Mwihoko, 6 Agosti 2023

Khisa mwanangu,

Simama. Magoti yako utayahitaji ukifika umri wangu.

Nilinyamaza kwa sababu nilijua utafanya hivi hivi unavyofanya. Haya, sikia basi. Ilikuwa Jumapili ya shukrani. Nilioka mikate mikubwa ya kanisa zima, nikaipanga mezani karibu na viazi na ndizi za watu, na harufu yake ilifanya mahubiri yawe mafupi. Mchungaji akabariki, akamega, akatafuna. Kanisa zima likasikia. Kisha wote wakatafuna, na ilikuwa kama ng'ombe wanaopita kwenye kokoto. Hakuna aliyetema, maana mkate ulikuwa umebarikiwa. Wavinya peke yake ndiye aliyesema. Alinisogelea akaniambia, "Mama Maxine, mimi ni mtu wa Machakos, mchanga wetu naujua. Huu umeutoa wapi?"

Hakuna aliyeumia. Mzee mmoja anasema jino lililokuwa likimsumbua limetoka lenyewe na ananishukuru.

Lakini usijilaumu peke yako. Mimi nililijua jambo hilo la gunia la kwanza. Nililijua tangu nikiwa msichana mdogo, na harufu ilinipanda kichwani nikasahau hata kuonja. Tumekosa wawili.

Sasa ya gunia la pili. Nilikanda kidogo tu, nikaoka nikiwa nimefunga mlango, nikala peke yangu nimesimama. Halafu nikalia, usimwambie mtu. Nikakata kipande nikampelekea Wavinya. Alikila, akakunja khanga yake, akasema, "Leta hiyo kesho na chai ya saa kumi." Kesho yake iliisha kabla chai haijachemka. Keshokutwa watu wa mjengo wa ghorofa ile mpya walikuja na helmeti zao kuuliza mkate wa kahawia. Maxine ameweka picha, na watu wa Githurai wanapiga simu. Khisa, sasa naweza kukwambia. Tanuri lilikuwa limeshapata mnunuzi. Mtu wa Juja alitaka kulikata awe na mabati ya kuchomea nyama. Mwezi wa tano, siku barua yako ya kwanza ilipofika, nilikuwa nimepanga kumwambia ndiyo. Nimemwambia hapana.

Kwa hiyo unga nautaka. Kila wiki nautaka. Lakini Thika siji.

Umeniuliza mara mbili Kuka yako alioka wapi. Alioka hapo. Huo weusi uliosimama juu yake ni moto wa baba yangu. Alitoka Kimilili akiwa kijana, wakampa kazi ya kubeba kuni, akaishia kuwa mwokaji mkuu. Mimi nilikuwa nampelekea uji kabla ya shule, na nilipita kwenye huo mlango uliozibwa nikiwa nimejaa unga hadi kwenye kope. Rola zilipokuja mwenye mali akasema hahitaji tena mikate yake mwenyewe. Baba alifika asubuhi na ule ubao wake mrefu wa kutolea mikate, na geti likawa limefungwa. Mlinzi alikuwa rafiki yake. Nilimwona baba yangu akimwomba mlinzi. Nilimwona akiomba aingie walau azime moto vizuri, kwa sababu aliuacha ukiwaka. Hawakumfungulia.

Hakulitaja tena jina la mji huo. Na mimi niliapa sitasimama mbele ya geti lile nikiomba kitu.

Mtafute mwokaji mwingine mwenye miguu. Naogopa kwamba nakuvunja moyo, lakini ndivyo ilivyo.

Senge yako,
Wilkister

*

Thika, 27 Agosti 2023

Senge mpendwa,

Sitakuandikia habari za ndama.

Nimeelewa, na sitakuomba tena. Hata ningeweza nisingekuomba. Nilishuka pale jioni moja baada ya kazi nikasimama juu ya ule weusi, na safari hii sikusisimka. Nilivua kofia.

Hakuna mwokaji mwingine. Watu wa kununua vyuma watakuja Ijumaa kuchukua mota, na mawe watayapasua kwa sababu hayabebeki. Muigai ameanza kufungasha nyundo zake. Anasema mtu akishapasua jiwe la kusagia, hata anayejua kulichonga hana la kulifanyia.

Kwa hiyo nimeamua. Alhamisi asubuhi nitaingia kwa Bi. Wangechi na kumwambia mwokaji yupo, yupo Mwihoko, anauza mpaka watu wa mjengo wanapanga foleni, na kwamba hawezi kuja kwa sababu nisiyoruhusiwa kuitaja. Ataniuliza nimejuaje. Nitamwambia ni senge yangu. Najua yaliyompata Waweru. Nimeshamlipa mwenye nyumba mapema ili nisiwe na deni nikirudi Kimilili, na shati nimelipiga pasi. Nakula kidogo, lakini nalala.

Usijibu. Githae atakukuta Jumanne, na haiwezekani jibu kufika kabla.

Mwanao anayekuheshimu,
Khisa

*

Thika, 3 Septemba 2023

Senge wangu,

Natumaini ulifika salama na kwamba Maxine amepata soda aliyoahidiwa kwa kukubebea kikapu hadi kituoni. Baba amenipigia simu. Alikuwa amekasirika kwa kuwa kila mtu kwenye kundi la familia alijua kabla yake, kisha akaanza kuuliza maswali kuhusu kinu na hakukata mpaka salio likaisha.

Yale uliyoyaona Jumatano wewe mwenyewe unayajua. Lakini kuna ambayo hukuyaona, na mengine uliyaona ukayaelewa vibaya.

Umemwambia Maxine kwamba nilionyesha ushujaa. Si kweli. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa Alhamisi. Ulipoingia Jumatano, na lile gauni lako la kanisani, na kikapu kinanukisha ofisi nzima, nilikuwa bado naandika. Uliniangalia usoni kama mtu asiyenijua kabisa. Ukasema, "Kijana, nimekuja kumwona mkubwa wako. Mimi ni mwokaji."

Barua yangu ilikufikia Jumanne, ukaniwahi kabla ya Alhamisi, na ulikuwa unafanya nilivyokuomba. Ulikuwa umepita kwenye geti lile, peke yako, na bado ulikumbuka kunilinda. Na mimi nilikuwa nimeketi. Umesimama mbele yangu, dada ya baba yangu, na mzigo mkononi, na mimi nimeketi kwenye kiti cha kuzunguka. Mwili wangu haukulelewa hivyo. Sikuamua chochote, Senge. Nilishtukia nimesimama, nimeshapokea kikapu, na mdomo umeshasema, "Karibu, Senge."

Mbinya wa mapokezi aliacha kupiga mhuri. Na wewe ukanitazama kwa hasira ya kweli, ukasema kwa sauti ya kanisani, "Lakini si wewe uliniandikia nisikujue?"

Hapo ndipo Bi. Wangechi alipofungua mlango.

Mliyoongea ndani siyajui. Nilikuwa nje nikiwakatia wenzangu mkate kwa rula kwa sababu hatuna kisu. Muigai alipanda kutoka mtoni kwa kufuata harufu, akala vipande viwili, akaniuliza kama huyu ndiye kuku wangu. Nilisikia unacheka mle ndani mara moja. Kisha ukatoka, ukanipita, na dirishani nikakuona unashuka na Bi. Wangechi kuelekea kinuni. Mlikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa peke yake, na macho yake hayakuwa ya meneja.

Aliniita baadaye. Nilikaa ukingoni mwa kiti. Akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nikamtajia sahihi yangu ya siku ya kwanza, nikamtajia Waweru. Akasema Waweru hakufukuzwa kwa kuwa na shemeji, alifukuzwa kwa kumficha. Sheria inataka karani aseme, kisha akae mbali na makaratasi ya jamaa yake. Basi. Miezi yote hii, bahasha zote hizi na pumba zote hizi, kumbe nilikuwa nafanya kosa lile lile nililokuwa nalikimbia.

Amenipa barua ya onyo, na nimeistahili. Dawati la kwanza amepewa Mbinya.

Mimi ameniteremsha chini, kinuni.

Alidhani ananiadhibu, au alijifanya kudhani hivyo. Watu wa vyuma walikuja Ijumaa na lori lao wakarudi na vyuma chakavu vya gereji. Mawe yapo. Lakini bodi imeongeza sharti: wewe peke yako hutoshi kulizungusha jiwe kwa mwaka. Hadi Krismasi tuwe na waokaji wengine wanaoutaka unga huu, la sivyo lori litarudi. Kuwatafuta ni kazi yangu, na hesabu zako zitashikwa na Mbinya, nisiziguse. Asubuhi nasaga na Muigai, ananifundisha kushika nyundo, na mchana natembea na mikate yako nikibisha milango. Nina unga masikioni. Naogopa kama kawaida, ila sasa naogopa huku natembea.

Kwa hiyo yale niliyokusihi mwezi wa tano yamekwisha. Mwambie Wavinya, mwambie mchungaji aliyetafuna kokoto, mwambie Maxine asambaze kwenye kila kundi alilonalo. Yeyote mwenye tanuri, hata la sufuria na makaa, na anayetaka unga uliosagwa jana, anipate hivi: asiandike wala asipigie ofisi, kinuni mtandao haushiki. Ashuke kituo cha Blue Post, avuke barabara, asipite geti kubwa. Afuate ukuta wa mawe hadi chini, mahali kina mama wanafua mazulia. Kuna mlango mdogo wa mbao upande wa mto, hauna kufuli. Asibishe, jiwe likizunguka hatutamsikia. Asukume aingie, na asiombe ruhusa kwa mtu.

Mwanao,
Khisa